Uloto wa Bi Mkubwa

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ugonjwa wa kazi yangu ni kusahihisha. Nasahihisha mabango ya dukani, nasahihisha matangazo ya kanisani, na mume wangu anasema hata siku ya kuzikwa nitaamka nimsahihishe anayesoma wasifu wangu. Kwa hiyo aibu ninayoisimulia hapa ni yangu kabla ya kuwa ya mama yangu. Neno moja lilipotoshwa ndani ya nyumba yangu, nikilisikia kwa masikio yangu mawili, likakaa wiki nzima bila mimi kulishtukia. Neno lenyewe ni uloto.

Nina mabinti wawili. Majina yao ya ubatizo yapo, lakini nyumbani kwetu Malangali, hapa Sumbawanga mjini, hayatumiki sana, maana mama yangu aliwapachika ya kwake tangu wakiwa wachanga. Mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, huo ndio utani wetu, basi wa kwanza akawa Bi Mkubwa na wa pili Bi Mdogo. Mume wanayemgombea ni marehemu baba yangu, aliyezikwa kijijini Mollo kabla yeyote kati yao hajazaliwa, na ugomvi ni juu ya nani atamsongea ugali wa ulezi siku ya ufufuo. Bi Mkubwa sasa ana miaka kumi na mitatu. Bi Mdogo ana minane na ndiye mwenye mdomo.

Bi Mkubwa ana selimundu, ile ambayo wengi huiita sikoseli. Chembe za damu yake hazibaki duara kama zangu na zako. Hujikunja mfano wa mundu, zikakwama kwenye mishipa, na zikishakwama maumivu huanzia kwenye magoti yakapanda mpaka kifuani. Baridi huzichochea, nasi Mungu alitupa mji wa baridi. Msimu wa upepo watoto wa jirani wanakwenda shule wakipuliza mvuke mdomoni kwa mchezo, wakijifanya wanavuta sigara. Wangu anavaa sweta mbili na soksi mbili, anakaa karibu na maji ya moto, na bado naamka kumpapasa miguu kuona kama imepoa.

Ugonjwa huu hurithiwa, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Mimi na mume wangu ni wazima, hatujui hata kuumwa kichwa. Tulipooana matangazo yetu yalisomwa kanisani Jumapili tatu, mwenye kujua kizuizi aseme, na hakuna aliyesimama. Kizuizi kilikuwa kwenye damu zetu wenyewe. Kwa miaka mingi nimekuwa na hasira juu ya jambo hilo, na kwa kuwa sijui nimkasirikie nani, nimemkasirikia mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na kwa bahati yake hashindi nyumbani.

Mwaka jana, Bi Mkubwa alipolazwa mara ya pili ndani ya mwezi mmoja, mama alimwachia kaka yangu shamba la Mollo akaja kukaa nasi. Alikuja na gunia la ulezi na kibuyu cha mbegu. Kibuyu akakitundika jikoni kwangu, akasema mbegu haiachwi kwa mtu mwingine hata akiwa mwanao.

Mvua zikiwa katikati, tukaitwa hospitali ya mkoa, wazazi wote wenye watoto wa selimundu. Alikuja daktari kutoka hospitali kubwa ya mbali, binti ambaye kwa umri ningeweza kuwa nimemfundisha darasa la kwanza. Alitueleza mambo mawili. La kwanza, Serikali ilikuwa imetenga fungu la kuwapandikiza uloto baadhi ya watoto. Mtoto mwenye ndugu wa tumbo moja ambaye uloto wake unafanana na wa kwake, atachukuliwa pamoja na ndugu huyo, watibiwe bila mzazi kutoa kitu. La pili, kwa wale ambao ndugu zao hawafanani nao, kulikuwa na utafiti wa tiba ya vinasaba unaoandaliwa, lakini fungu la huo lilikuwa bado linaombwa.

Serikali ina mkono mrefu, ndivyo tunavyosema, na kwa kawaida tunamsema mtu aliyekimbia na mali ya umma. Sikuwahi kufikiri mkono huo unaweza kuja mpaka Sumbawanga kumtafuta mtoto wangu kwa wema. Nikanyoosha kidole.

"Watoto wangapi?"

"Wachache kwa kuanzia, mama."

"Wachache wangapi?"

"Sijui bado," akasema. "Nikikutajia idadi leo nitakuwa nakudanganya."

Nikampenda palepale. Nimeishi na majibu mazuri miaka kumi na mitatu, na huyu ndiye wa kwanza kuniambia hajui.

Tulirudi na bajaji, mimi na mama. Tangu kwenye mkutano mama alikuwa ameivuta kanga mpaka kidevuni. Mama ni mtu wa Kifipa. Kiswahili anakijua, lakini kwake ni nguo ya kutokea, na neno asilolifahamu hulishika kwa lile la nyumbani linalolikaribia kwa sauti.

"Huo uloto," akaanza, "unatolewaje?"

"Wanamlaza usingizi kwanza, mama. Akishalala ndipo wanautoa."

"Akiwa amelala."

"Ndiyo. Akiwa macho hataweza."

Akafikiri mpaka tukapita sokoni.

"Na huyo aliyetolewa, anabaki na nini?"

"Unarudi wenyewe. Baada ya wiki chache anakuwa na mwingine."

"Na kama wa kwake ni mbaya?"

"Ndiyo maana wanapima kwanza. Wakiona haufai, hawauchukui."

Mama akaitikia ee, ile ndefu ya mtu aliyeelewa. Nami nikajisifu moyoni kwamba nimefundisha vizuri.

Tangu siku hiyo nikaona asubuhi zetu zimebadilika, ila sikuzitilia maanani. Natoka saa kumi na mbili na nusu kuwahi mstarini shuleni. Namwacha mama jikoni akikoroga uji, Bi Mdogo ameketi kwenye kigoda mbele yake, wananong'ona. Mara moja nilimwona mtoto akitoka nje mbio, akatema mate kwenye majani, akarudi kukaa. Nikadhani ni mafua.

Jumamosi ndiyo iliyonifumbua. Nilikuwa nafua chini ya dirisha la jiko, nao hawakujua niko hapo.

"Mke mwenza, umeota nini leo?"

"Nimeota mimi na dada tumevaa nguo za Komunyo," Bi Mdogo akajibu. "Dada anakimbia."

"Anakimbia?"

"Anakimbia, bibi, na haumwi popote."

"Hiyo nzuri. Hiyo itunze, usiichezee. Ya mbwa je, imerudi?"

"Haijarudi."

"Ikirudi ukaiteme nje, kama nilivyokuambia. Hawa watu wanapima."

Nikasimama na povu mikononi. Nikamtuma Bi Mdogo dukani akalete chumvi, ingawa chumvi ilikuwepo, nikamuuliza mama wanafanya nini. Akanijibu bila wasiwasi kwamba anamwandaa mtoto. Si mimi mwenyewe niliyesema wanamlaza usingizi, wanamtoa uloto, kisha wanampa dada yake? Basi zitoke ndoto zilizo safi. Mtoto asiyeota vizuri hapumziki, na mwili usiopumzika haukumbuki uzima.

"Nilijua wanampa Bi Mkubwa ndoto za mtoto mzima," akasema, "ili damu yake ijifunze."

Kwa sikio lake, uloto na kuota vilikuwa ndugu, na kila jibu langu kwenye bajaji lilikuwa limeuthibitisha undugu huo. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikakasirika, kama kawaida yangu. Nikafunua chungu cha supu ya jana, nikatoa mfupa, nikaugonga kwenye sahani mpaka yale mafuta ya ndani yakadondoka.

"Huu ndio uloto, mama."

Akautazama. "Huu tunaunyonya."

"Huohuo. Damu inatengenezwa humu."

"Sasa kwa nini yule binti hakusema mafuta ya mfupa?"

"Kiswahili chake ni uloto."

"Kiswahili kina mambo," mama akasema, akauchukua ule mfupa akaumalizia kuunyonya, maana chakula hakitupwi kwa sababu ya sarufi. Tukacheka wote wawili. Jioni nikamsimulia mume wangu kwa simu, naye akacheka huko alikokuwa. Bi Mkubwa aliposimuliwa kitandani alicheka kwa uangalifu, mkono kifuani.

Wiki iliyofuata mabinti wangu wakatolewa damu. Bi Mdogo hakulia. Alimtazama yule nesi machoni akamwambia, "Chukua nyingi tu." Sampuli zikapelekwa mbali, nasi tukabaki kungoja. Katika kungoja huko kila mtu alikuwa na neno. Mwalimu mwenzangu wa kutoka pwani alinitania: "Ninyi watu wa Sumbawanga mnarusha radi kwa uchawi, selimundu inawashindaje?" Siku nyingine ningemjibu kwa utani. Siku hiyo nilimwambia akanywe chai yake mahali pengine, na mpaka leo ananisalimia kwa tahadhari.

Mwezi wa tano baridi ikawahi kuja. Bi Mkubwa alishikwa Jumapili, tukakaa wodini siku nne. Tulikuwa tumerudi nyumbani siku moja tu yule daktari aliponipigia mwenyewe.

"Mama, samahani sana. Vipimo havifanani."

Nilimshukuru. Sijui kwa nini nilimshukuru. Kisha nikaingia sebuleni, mahali walipokuwa wote, na mimi mwenye kuchagua maneno kwa mshahara nikachagua baya kuliko yote. Nikasema, "Uloto wa Bi Mdogo umekataliwa."

Bi Mkubwa alivuta blanketi, akasema, "Sawa, mama." Huyu mtoto anasema sawa kwa vitu ambavyo vingenifanya mimi nivunje sahani. Mama akaenda jikoni. Nikakaa kitandani kwa Bi Mkubwa nikimsugua miguu, na ulipita muda mrefu ndipo nikagundua nyumba ina ukimya usio wa kawaida. Mwenye mdomo hakuwepo.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, karibu na mabua ya mahindi, ameinama ameshika magoti. Alikuwa anatema. Anakusanya mate, anatema, anafuta mdomo kwa mkono wa sweta, anakusanya tena. Mate yalikuwa yamemkauka na midomo imeanza kupasuka kwa upepo.

"Unafanya nini?"

"Natema zile mbaya."

"Zipi?"

Alilia ndipo akaweza kusema. "Nilimdanganya bibi. Zile nzuri sikuziota, nilizitunga. Mimi naota mbwa. Na naota dada amekufa. Nikasema nimeota Komunyo. Wamepima wakaona."

Ule mfupa wa supu nilimwonyesha mama. Nilimsimulia mume wangu, nikamsimulia Bi Mkubwa. Bi Mdogo nilikuwa nimemtuma chumvi. Watoto sitini darasani kwangu huwarudia somo mara tatu, na yule mmoja ambaye somo lilikuwa linamhusu mpaka kwenye mifupa ya nyonga zake, ambako uloto hutolewa, sikumpa hata mara moja. Miezi mitatu alibeba peke yake kazi ya kuota vizuri ili dada yake apone. Nilimkumbatia.

Mama alikuwa ametusikia. Alikuja taratibu, akakaa chini kwenye udongo wa baridi, jambo ambalo magoti yake hayaliruhusu tena. Mama yangu hajawahi kuniomba msamaha mimi. Hata alipokosea aliniletea mayai, na mayai yalikuwa ndiyo msamaha.

"Mke mwenza," akasema, "mwongo ni mimi. Nilisikia neno vibaya nikakupa kazi isiyokuwepo. Nisamehe."

Bi Mdogo akaacha kulia kwa mshangao.

"Hawakupima ndoto. Walipima hiki." Akamgusa mfupa wa nyonga. "Kile cha kwenye supu. Chako ni kizuri, ila si saizi ya dada yako. Viatu vyako vinamtosha dada yako?"

"Havimtoshi."

"Viatu vina kosa?"

"Havina."

"Haya. Na mimi ndoto ya mbwa naiota mpaka leo. Ni ya ukoo huyo mbwa, usijidai ni wako peke yako."

Nilimnyanyua mama kwa mikono miwili. Usiku kabla ya kulala nilimkuta ameweka yai bichi kwenye mto wa Bi Mdogo, limefungwa kwenye soksi lisivunjike.

Jina la Bi Mkubwa likahamishiwa kwenye orodha ya pili, ile ya utafiti. Nilipompigia daktari kuuliza tiba hiyo inafanyaje kazi, alinieleza hivi: katika maelekezo ambayo mwili wa mtoto wangu unayafuata kutengeneza damu, kuna kosa la herufi moja. Watafiti wanataka kuchukua chembe zake mwenyewe, walishughulikie kosa hilo nje ya mwili, kisha wamrudishie. Haihitaji uloto wa ndugu. Ila ni utafiti, akasisitiza, hakuna anayeahidi kitu, na bila fungu hakuna hata wa kuanza.

Herufi moja. Nikakaa na simu mkononi. Wanafunzi wangu, ndimi zao zikiwa za nyumbani, huandika karamu wakitaka kalamu, na sentensi nzima inakwenda kula badala ya kuandika. Miaka kumi na tisa nimezungushia makosa hayo wino mwekundu bila kufikiri. Kumbe mtoto wangu alikuwa analia kwa kosa la namna hiyohiyo, na wino wangu haufiki.

Kwa hiyo mwaka huo nilisikiliza bajeti kama wengine wanavyosikiliza mpira. Siku ya makadirio ya afya nilikaa ofisini kwa walimu na redio ndogo sikioni wakati wa chai. Waziri alisoma barabara za kwenda zahanati, akasoma magari, akasoma vyandarua, nami nilikuwa namhimiza kimoyomoyo kama mtoto anayesoma polepole mbele ya mkaguzi. Kisha ikaja sentensi moja, katikati ya nyingine, kwamba limetengwa fungu la kuanzisha utafiti wa tiba ya vinasaba kwa magonjwa ya damu. Hakuna aliyepiga meza. Akaendelea na jambo jingine. Mimi nilikuwa nalia ndani ya kikombe, na yule mwalimu wa pwani akaja akasimama mbele yangu ili wengine wasinione. Nikamsamehe ya radi.

Nikapiga nyumbani. Mama akapokea.

"Wametenga fungu, mama," nikasema, kisha nikawahi, maana kanisani kwetu mtu aliyetengwa ni mwenye dhambi: "Hawajamtenga mtoto. Wameweka kando pesa ya ile tiba yake. Unanielewa?"

"Nimekuelewa, mwalimu," akasema. "Ukikosea unakosea, ukielewesha unachosha."

Mpaka ninapoandika bado tuko kwenye orodha. Daktari hupiga kila baada ya muda kusema wapo wapi: chumba cha maabara kinajengwa, mtu fulani anarudi kutoka masomoni, bado. Bado yake ninaiamini kuliko ndiyo za wengi. Bi Mkubwa anameza vidonge vyake, anakunywa maji, anasoma akiwa amelala siku ambazo hawezi kukaa. Ninaogopa. Naliandika hilo wazi kwa sababu nyumbani silisemi. Naogopa utafiti utachelewa, na naogopa pia utafika, tumkabidhi.

Asubuhi moja ya wiki hii, baridi ikiwa kali, tulikuwa wote jikoni. Mama alikuwa anakoroga uji. Akamgeukia Bi Mkubwa, ambaye hakuwahi kuulizwa swali lile, maana wakati ule ndoto zake ndizo zilizodhaniwa mbovu.

"Na wewe, mke mwenza. Umeota nini?" Kisha akanitupia jicho. "Najua uloto si ndoto, mwalimu, usianze. Nauliza tu."

Bi Mkubwa alishika kikombe kwa mikono miwili akipasha vidole.

"Nimeota nimezeeka, bibi."

Uji ukaanza kupanda, mama akaushusha.

"Umezeeka sana?"

"Sana. Nina mvi kama zako, na nimekaa hapo ulipokaa wewe."

"Meno unayo?"

"Mawili."

Bi Mdogo akacheka. Mama hakucheka. Alimimina uji kwenye vikombe vyote, cha Bi Mkubwa akakijaza mpaka ukingoni, ndipo akaongea nami bila kunitazama.

"Ukizungumza na yule daktari, mwambie arekebishe yote anayoweza. Ila hiyo wasiiguse."

Nilifungua mdomo kumsahihisha, nikaufunga. Daktari alipopiga jioni ya siku ile nilimweleza neno kwa neno kama lilivyosemwa. Kisha akasema sawa, mama, ataliandika kwenye faili.